Kutia Chumvi

Mwezi wa pili bwawa lilionyesha mbavu:
uzio wa waya, kizingiti cha zizi la kondoo,
trekta lililozama enzi za babu yangu
limesimama matopeni kama mtu
aliyesahau alichokuja kuchukua.
Watu walikwenda Jumapili kupiga picha.
Nami nilikwenda. Nilipiga.

Naitwa Ademar. Nafanya kazi maabara ya maji, Montevideo:
chupa ndogo, vibandiko, wino usiofutika.
Mto ulipokonda, pampu zilianza kuvuta kutoka chini,
pale mlango wa mto unapoonana na bahari,
na bahari haijawahi kukataa mgeni.

Kila asubuhi chumvi ilipanda kidogo.
Siku ilipovuka kikomo
niliandika kwa wino mwekundu, nikapeleka ghorofani.
Mlango ulifungwa saa nne.
Ulipofunguliwa saa nane, karatasi ilishuka ngazi
na muhuri bado mbichi:
kikomo kipya, mara mbili na ushei.
Niliitazama chupa. Haikuwa imesikia habari.
Nikabadili kalamu,
namba ileile nikaiandika kwa buluu.

Jioni msemaji alitokea kwenye televisheni.
Maji, alisema, yananyweka.
Mama aligeuka, birika mkononi.
"Kiatu nacho hulika," akasema,
"ukikichemsha vya kutosha."

Mama yangu, Zulma, ana presha na miaka sabini na sita.
Hunywa mate tangu alfajiri,
majani makavu ndani ya kibuyu, mrija wa fedha,
na daktari alishamkataza chumvi hata kwenye yai.
"Leo yana ladha ya machozi," akasema.
Nikamwambia labda alikuwa analia.
"Ningelia ningejua."

Serikali ikaondoa kodi ya maji ya chupa.
Rafu zikaondoa chupa.
Ikaja orodha ya makatazo chini ya kila mlango:
usioshe gari, usijaze bwawa la kuogelea
(mtaa wetu una mabwawa sifuri),
usinyweshe bustani.
Kiwanda cha soda, kule mlimani, kina kisima chake
na kibali chake, kimetiwa fremu ukutani.

Wilmar wa nyumba ya pili alikamatwa saa nane usiku
akinywesha mawaridi ya marehemu mkewe
kwa kikombe cha chai.
Faini: nusu ya pensheni.
Aliyepiga simu ni mimi.
Sijui niseme nini zaidi.
Nilitaka kitu, chochote, mahali fulani,
kiandikwe kwa wekundu.

Alhamisi mtaa ulitoka na masufuria.
Miiko, vifuniko, mtoto mmoja na karai la kufulia.
Maji yamezidi unga, husema watu mambo yakiharibika;
sisi unga tulikuwa nao.
Ghorofani, dirishani, mkuu wangu alitabasamu:
debe tupu haliachi kuvuma.
Kweli. Lakini hakuuliza mtu
lilikuwa tupu tangu lini.
Wilmar alipita mbele yangu akipiga kikombe kilekile
kwa kijiko. Aliniitikia salamu.
Mpaka leo sijui kama anajua.

Kesho yake gazeti lilimnukuu waziri:
wananchi wanatia chumvi.
Mama alisoma mara mbili, akavua miwani,
akacheka mpaka nikamshika bega.

Mvua ilikuja mwezi wa nane, bila kuomba radhi.
Trekta likazama tena na siri zake.
Kikomo cha zamani hakijashuka ngazi bado;
kila Jumatatu nauliza,
kila Jumatatu kuna kikao.

Juu ya friji ya mama ipo chupa moja ya mwezi wa tano.
Aliijaza mwenyewe bombani, akaifunga kwa nta ya mshumaa,
akaniomba ile kalamu yangu isiyofutika
akaandika tarehe, mwandiko wa mwalimu mstaafu.
Niliitaka niimwage, inachukua nafasi.
"Iache," akasema.
"Wakirudi kusema tulitia,
utawapimia."