Shika Kamba

Mimi ndiye karani. Mwandiko ule ni wangu:
"Ndugu Kaswiza Mlagala, mlinzi, ameachishwa kazi
kwa upotevu wa sadaka ya mavuno,
shilingi laki moja na themanini na nne elfu."
Wazee saba walinyoosha mikono.
Mchungaji Ntinginya alifunga kwa sala,
ndefu, nzuri,
na Kaswiza akairudisha tochi ya kanisa mezani,
akatoa betri kwanza, maana betri zilikuwa zake.

Miezi mitano ikapita. Mvua ikaingia Sikonge,
ile inayogeuza barabara ya Ipole kuwa uji,
mchungaji akavuta koti lililokaa nyuma ya mlango
tangu baridi ya Juni.
Mfukoni, bahasha.
Juu ya bahasha, mwandiko wangu tena: Mavuno.
Haikupungua hata noti moja.

Alinionyesha akiwa jikoni kwake, soksi mguu mmoja.
Nilimshauri, nakiri. Nilisema:
haya tuyamalize kimyakimya.
Mwite ofisini, mrudishie kazi, mpe na sukari kilo mbili.
Kondoo wakijua fimbo ina ufa
nani atawarudisha zizini?
Akanitazama kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe
ikitoka kinywani mwa mwingine.
"Nilimwita mwizi mbele ya watu," akasema.
"Siwezi kumwita ndugu nyuma ya mlango."

Akapanda baiskeli, kola shingoni, suruali kaikunja.
Kilomita thelathini na mbili hadi kambi ya warina asali,
kule miombo inakosahau kwamba kuna wilaya.
Nilimfuata. Kwa aibu zaidi kuliko upendo.

Jioni. Kaswiza yuko juu ya mtundu,
moshi mkono mmoja, mzinga wa gome unaning'inia.
Chini mchungaji akaanza maneno aliyoyatunga njia nzima:
"Ndugu yangu, kwa unyenyekevu mkubwa..."
Juu ikatoka sauti:
"Shika kamba."
"Nimekuja kukuomba..."
"Shika kamba, mchungaji. Mzinga unashuka."

Akashika.
Mikono ile aliyozoea kuinua, sisi tukainama,
sasa iliinuka kwa sababu ya uzito wa mtu mwingine.
Nyuki hawaulizi cheo.
Wakamuuma shavuni, kwenye kope, ukingoni mwa kola.
Hakuachia. Alitoka machozi, ndiyo,
na sitasema kama ni sumu au ni jambo jingine.

Mzinga ulipogusa majani ndipo akapiga magoti,
au miguu ilimwisha; karani huandika anachokiona.
"Pesa zilikuwa kwangu. Mfukoni mwangu. Hukuiba."

Kaswiza akashuka polepole. Hakumkumbatia mtu.
Akamng'oa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja,
kama mama anavyotoa funza,
na alipofika wa mwisho akasema:
"Mwanangu wa tatu aliacha shule kwa ajili ya jina lile."
Hatukuwa na la kujibu.
Waliobaki wakisema ni nyuki.

Jumapili hakupanda mimbarani.
Alisimama chini, usawa wa benchi la kwanza,
jicho moja limefumba, mdomo umeumuka kama andazi,
akasoma muhtasari wangu wa Juni, neno kwa neno.
Alipofika kwenye jina la Kaswiza
akaliruka, akatamka lake.
Bibi Nyanzala aliyekuwa akiucheka ule mdomo
akajifunika kanga usoni.
Wazee saba tulitazama viatu vyetu.
Viatu vyangu vilikuwa bado na tope la Ipole.

Kaswiza hakuwepo. Hajarudi kulinda hadi leo.
Mtoto, nasikia, yuko darasani,
na baiskeli ya mchungaji siioni tena.
Ila juzi mlangoni mwa kanisa tulikuta
kidumu cha asali nyeusi, hakina jina,
na betri mbili, bado mpya.

Nimeviandika chini ya Mengineyo.