Glavu ya Mirren

Saa tisa u nusu, na jua la Uskoti
limeshakunja jamvi.
Watoto kumi na mmoja kwenye geti la msitu wa Balnavie,
buti za mpira, pua nyekundu,
mashuka ya mizimu yamefungwa juu ya makoti,
maana huku hata mzimu, siku ya Halowini, huvaa sweta.

Nimewahesabu mara tatu. Ndiyo kazi yangu:
kuhesabu watoto, kuhesabu tochi,
kusema usile hicho, usile hicho pia.

Kwanza udongo. Kila mtu achague mti
aupe uso.
Struan kaupa mwaloni pua ya tunda la msonobari
na meno ya mawe, kisha akaogopa meno yake mwenyewe,
akayang'oa mawili.
Kacper kamfinyanga bibi yake wa Gdynia,
nywele za kuvumwani, macho makali.
"Sasa," akasema, "msitu hautathubutu
kutafuna mdomo wazi."

Kisha mafagio ya wachawi: vijiti vya mti wa gome jeupe,
kamba ya katani, fundo ambalo sikulifunga vizuri.
Walipanda, wakaruka, wakaanguka,
wakaruka.
Mafagio manne yalifia kazini.
Mabaki tukayarundika pamoja na majani makavu
chini ya kichaka, kitanda cha kalunguyeye,
alale hadi Machi bila kudaiwa kodi.
Innes akauliza kama kalunguyeye huota ndoto.
Nikasema sijui.
Akaniangalia kama mtu aliyelipia tiketi.

Ng'ambo ya daraja, kwenye kisiki kilichooza,
nilikuwa nimewawekea akiba jambo la kutisha:
uyoga mweusi umechomoza mzizini,
vidole sita, maana kifo hakijui hesabu,
vimevimba kwenye maungio
kama vya mtu aliyezikwa kwa haraka
anayenyoosha mkono aombe nafasi ya kusema.
"Wenyeji," nikatamka, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni,
"huviita vidole vya maiti."
Nikasubiri mayowe.

Yakaja, mazuri, ya kukata na shoka.
Struan nyuma ya Ailsa, Ailsa ndani ya shuka lake.
Mirren tu, wa miaka sita, asiye na maneno mengi,
alichuchumaa. Akavigusa kimoja kimoja
kama mtoto anavyopimwa homa.
"Ana baridi," akasema.
Akavua glavu yake ya kulia, nyekundu, ya kufumwa kwa mkono,
akakivisha kile kiganja:
gumba limekaa upande usio wake,
kidole cha sita kimekosa chumba.
Hakuna aliyecheka. Ailsa akatoa kichwa nje ya shuka
akauliza kama maiti anayo ya kushoto.

Mwisho, tochi zikazimwa. Dakika mbili za giza.
Bundi akalia upande wa kijito
na hakuna aliyeuliza anamwita nani.
Nikasikia pumzi kumi na moja,
nikasikia jani likiamua kuanguka,
na mkono mmoja mtupu, baridi kama kijiko,
ukaingia mfukoni mwangu bila kupiga hodi.

Leo asubuhi nimerudi kuokota masalia.
Sakitu imeunyunyizia msitu chumvi.
Nyuso zimepasuka. Bibi wa Gdynia
amebaki na jicho moja, nalo bado kali.
Nimeokota kamba, karatasi ya peremende,
soksi, ambayo siwezi kuieleza.

Glavu ipo.
Ndani ya gumba mtu ameficha mbegu mbili za mwaloni:
panya, nadhani,
au mwenye mkono, kwa shukrani.

Nikiwa bado nimepiga magoti, simu ikalia.
Mama yake Mirren: je, kwa bahati, nimeiona?
Bibi yake aliifuma, na iliyobaki haina mwenzake.

Nikavitazama vile vidole.
Nikasema sijaiona.
Kipupwe chenyewe bado hakijaanza.