Hodhi la Tatu

Wesha, nyuma ya banda la bati,
kuna mahodhi matatu ya plastiki nyeusi.
La kwanza nyuzi ishirini na nane,
la pili thelathini,
la tatu thelathini na mbili na chembe.
Kazi yangu ni hiyo chembe.
Kila saa nakitia kipimajoto, nakitoa, naandika,
kwa mwandiko ambao Bwana Asaa Faki
anasema unafanana na nyayo za kaa.

Kila hodhi lina watoto mia wa tasi,
wadogo kama kucha ya kidole cha mwisho:
jicho, mkia, na baina yake
utumbo unaoonekana wote.

Nilidhani joto litawachosha.
La. Wa hodhi la tatu ndio wachangamfu.
Wanakula kama waliosikia adhana ya magharibi Ramadhani,
wanakula na kurudi, wanakula na kurudi,
na Ijumaa mizani inasema wamekonda.
Chakula kinaishia kwenye pumzi.
Watazame mashavu: yanapiga kama cherehani
ya fundi aliyebakiwa na usiku mmoja
na nguo za Idi za mtaa mzima.

Kisha jaribio la kivuli.
Nimekata kulastara kwa kadibodi
(shingo nimeikosea kidogo),
nampitisha juu ya maji, polepole.
Hodhi la kwanza: shaa! wote majanini.
La pili: wanasita, halafu wanakimbia.
La tatu wanainua vichwa,
wanakuja.
Wanakuja kumlaki.

Hofu ile hawakufunzwa na mama.
Tasi hana mama wa kumjua.
Walizaliwa nayo,
kama sisi tulivyozaliwa tukijua kunyonya.
Na nyuzi nne tu zimeifuta.
Mwanangu Shaame akipanda nyuzi mbili
nalala nimekaa, bakuli na kitambaa,
namgusa paji la uso kila nikishtuka.
Bahari ningeigusa wapi?

Mwezi wa tatu, bamvua, jua limesimama wima.
Nikakifunga kipimajoto kwenye pindo la kanga
nikateremka hadi vidimbwi vya nyasi, nje ya mikoko,
mahali wanapokulia wale ambao hawana hodhi.
Thelathini na tatu.
Nikatazama tena. Thelathini na tatu.
Nikapitisha mkono, vidole vitano vya kivuli
juu ya maji ya kifundoni.
Wakaja.

Ng'ambo ya kidimbwi, Mize na Bikombo na wenzao
walikuwa wakitanda, wawili wawili, vyandarua vizito.
"Njoo, we mwenye daftari!" akaita Mize.
"Leo hatuwafukuzi, wanaingia wenyewe!
Mwaka wa heri huu, wallahi."
Na kweli, sijapata kuona ndoo zikijaa upesi vile.
Kwake kuna sita wa kula,
na mkarafuu wake mwaka huu umetoa majani matupu.

Neno nilikuwa nalo.
Lilikaa ulimini kama kokwa ya zambarau
mbele ya wageni: hulitemi, hulimezi.
Ningemwambia riziki inayojileta yenyewe
huenda ni mgonjwa aliyepotea njia?
Angenitazama, angeitazama ndoo.
Bikombo alikuwa ameteguka kiwiko.
Nikashika pembe ya chandarua.

Usiku tuliwakaanga wazimawazima, kwa ndimu na chumvi.
Shaame akala kumi na saba, akihesabu.
Akauliza mbona hawa hawana miba.
Wanayo, nikamwambia,
haijapata siku za kuwa migumu.

Kwenye daftari, safu ya joto nimeijaza.
Safu ya tabia nimeandika: hawakukimbia.
Bwana Asaa ataisoma Jumatatu,
atauliza walikuwa wangapi.
Ndoo mbili na nusu, nitasema,
nikitazama cherehani zangu hodhini
zikishona, zikishona.