Boila si Hita

Mdachi aliyenunua nyumba ya kina Bwanarehema, Mkomani,
alinichorea anachokitaka: tangi, moto,
paipu za kupita kila chumba
na kurudi pale zilipoanzia.
"Boila," akasema. "Kwetu kila nyumba inayo."

Nikamwambia, bwana, hiyo ni dawa ya baridi,
na hapa Lamu hatuna mgonjwa.
Maji ya boila hayaogewi.
Yanazunguka ndani ya kuta, yanapasha vyumba, yanarudi,
yale yale, mwaka hadi mwaka, hayaoni mwanga.
Hita ni nyingine: yanaingia baridi, yanatoka moto,
yanapita mwilini, yanakwenda zake mferejini,
wala hayageuki kuuliza yamemwosha nani.

Akacheka. Akaagiza hita.
Ikaja kwa punda, lita themanini,
ikikwaruza kuta za kichochoro pande zote mbili,
mwenye punda akitukana chinichini
kwa kuwa ilikuwa Ijumaa.

Mwezi wa saba akaniita: maji yamekuwa vuguvugu.
Nikafungua. Koili imevaa joho la chumvi
nene kama kidole gumba changu.
Visima vyetu ndivyo vilivyo,
ukichemsha maji yake yanakuachia deni.

Weupe ule naujua.
Ulikuwa chini ya sufuria ya mama,
akiukwangua kwa kombe la chaza.
Mwanatumu binti Shekuwe, mkandaji:
siku arubaini kwa kila aliyejifungua,
majani ya mkwaju, kitambaa, mvuke,
"Vumilia, mwanangu, mai ya moto ndiyo yafungao mifupa."
Alitoka alfajiri. Usiku alirudi
vidole vimekunjamana kama kunde zilizorowekwa,
na yeye mwenyewe akaoga baridi,
kuni zikiwa zimekwisha.

Miaka thelathini nafunga mitambo hii
na bado sijui nimwite ipi.
Moto wake ulitoka ukaenda na watu.
Moto wake haukutoka mle ndani.

Siku ya kuoshwa kwake, wanawake waliomba maji ya uvuguvugu.
Niliyapasha mimi, kwa sufuria ile ile,
nikayapima kwa kiwiko, alivyonifunza,
nikaisukuma ndoo chini ya pazia.
Sikuingia. Nilisikia yakimwagika tu,
kisha yakitafuta njia ya mferejini.

"Imekufa?" Mdachi akauliza.
Koili tu, nikamjibu. Elfu mbili mia nne.
Ile ya zamani sikuitupa.
Iko dirishani kwangu, na joho lake.