Mama Yako Anajua?

Mimi ndiye niliyerekodi. Niseme mapema,
kabla mvua ya Kilbrannoch haijanilowesha ulimi.
Jumamosi ya Novemba, daraja la nne, sifuri kwa sifuri,
upepo wa baharini ukiuchezea mpira
kuliko wachezaji wote ishirini na wawili.
Kipa wetu aliupiga mbele, ukapaa, ukafikiri,
ukarudi kumtafuta mwenyewe.

Watu mia tatu na kumi na mmoja, ukihesabu na mbwa wa Struan.

Refa akapuliza. Kwa nini, hatujui mpaka leo.
Ndipo Senga McGlashan, safu ya mbele yangu,
miaka sabini na minne, glavu za kijani, pai mkononi,
akasimama, akajaza kifua, akaachia:

"Refa! Mama yako anajua
umetoka nyumbani bila macho?"

Jukwaa likavunjika mbavu. Hata mshika kibendera
alijifuta pua asionekane anacheka.
Sekunde tisa tu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.
Nikamtumia binamu yangu Aberdeen,
naye akawatumia watu, na watu wakawatumia watu.
Neno likishatoka halina breki.

Kufikia Jumatano Senga alikuwa kwenye fulana.
Glasgow walimuuza kwenye vikombe vya chai.
Di-jei mmoja wa Dundee akaikatakata sauti yake,
akaitwangia ngoma chini, vijana wakaruka nayo
usiku kucha: macho, macho, bila macho.
Kwenye televisheni wachambuzi watatu wenye suti
waliacha kubishania Celtic na Rangers dakika nzima,
wakamjadili yeye kama penalti.

Kisha wakaja wenyewe, na kamera na mwavuli mkubwa.
"Sema tena, bibi. Mara moja tu."
Senga akawatazama kama mtu aliyeombwa meno yake ya bandia.
"Siwezi," akasema. "Si yangu. Ni ya Eck."

Na sisi wa jukwaani tukakumbuka, tukatazama viatu.
Eck, fundi bomba, mumewe, kiti cha ishirini na tatu,
aliyewapigia kelele hiyohiyo marefa wa miaka arobaini,
wanene, wembamba, hata yule aliyekuwa mpwa wake.
Koo lilimsaliti kwanza, kisha mapafu.
Msimu wake wa mwisho alimnong'oneza Senga sikioni,
naye, asiyejua hadi leo kuotea ni nini,
akamsemea kwa sauti, kama mkalimani.
Eck aliondoka. Kazi haikuondoka.

Nilitaka kuifuta ile video.
Kairudishe mvua mawinguni, kisha uje unifundishe.

Januari refa yuleyule akapangiwa tena kwetu.
Walikuja watu elfu mbili, wengine hata jina la timu hawalijui,
simu juu. Kila filimbi ikilia
waligeukia kwa Senga, si kwenye mpira.
Senga akala pai. Akapangusa mchuzi kidevuni.
Kimya.
Tulifungwa mbili, moja tulijifunga wenyewe.

Baada ya mechi refa akapanda ngazi, kaptula imelowa,
kijana tu, msambaza barua kutoka Perth, tulivyosikia.
Nikadhani anakuja kushtaki. Akavua kofia asiyokuwa nayo.
"Mama alifariki Agosti," akasema.
"Ile video nilicheka kwanza,
halafu nikakaa ndani ya gari saa nzima.
Angekuwapo angekujibu: Najua, nimemwambia mara mia."

Senga hakumkumbatia. Watu wa huku hawana haraka ya hayo.
Aliondoa mkoba wake juu ya kiti cha ishirini na tatu,
pale ambapo hakuna aliyethubutu kuweka hata skafu.
"Keti," akasema. "Lile la pili lilikuwa la kuotea."
"Halikuwa."
"Utajuaje," akasema Senga, "na wewe huna macho?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Mkono uliniwasha.
Niliukalia.