Waya wa Ardhi

Mwalimu Nanjala hataki gesi.
Alisema hivyo kabla ya salamu,
amesimama langoni mwa yadi, Kariobangi Laiti,
basi kuukuu la shule likiunguruma nyuma yake
kama ng'ombe aliyeletwa kwa daktari.
Ubavu wa manjano umepakwa kijivu mara mbili,
lakini ukisimama upande wa jua
bado unasoma: ELIMU NI
kisha kutu.

Viti arobaini tuling'oa Jumatatu.
Chini ya kimoja Mutheu aliokota rula,
chini ya kingine bigijii iliyogeuka jiwe.
Mwalimu akasoma jina kwenye rula,
akaitia mkobani, akanyamaza.

Mimi ni fundi. Siulizi maisha ya mtu.
Nauliza: utapika nini, dakika ngapi, mara ngapi.
"Ugali. Chai. Pensheni ikiingia, samaki."
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya Luthuli:
wati elfu mbili, volti ishirini na nne,
ampea themanini na tatu,
na inveta nayo hula ushuru wake njiani,
tuseme tisini na tano.
Mutheu akapiga mluzi.
Hizo si nyaya za redio, nikamwambia.
Hiyo ni kebo nene kama kidole,
fupi kama hasira ya mtu mwema,
na fyuzi karibu na betri, karibu kabisa,
kwa maana moto huzaliwa pasipotazamwa.

Ubao wa mvule nilikata mwenyewe.
Nilikosea milimita nne.
Pembe ya kushoto ya jiko ina silikoni
kuliko inavyostahili; sitaficha.

Ikabaki waya mmoja, kijani na manjano.
"Huu wa nini?"
"Wa ardhi, Mwalimu."
Akacheka, cheko la mtu aliyekanyaga mwiba wa zamani.
Ndipo nikajua habari za Joska:
robo ekari, vigingi vinne, hati yenye muhuri,
miaka kumi na mmoja ya chama na sako;
na siku ya kuchimba msingi
akakuta watu watatu, kila mmoja na hati,
zote nambari moja.
"Sasa niambie, fundi.
Nyumba isiyo na ardhi,
huo waya utaufunga wapi?"

Miaka kumi na tisa nafunga nyaya,
sijawahi kuulizwa hivyo.
Nikalala chini ya basi, nikakwangua chesi
mpaka chuma kikang'aa kama jino,
nikakaza bolti hadi mkono ukakataa,
nikapaka grisi.
"Hapa," nikasema. "Umeme ukipotea njia
utarudi hapa, hautapita mwilini mwako."
Akainama na tochi, akatazama muda mrefu,
kama asomaye mkataba mstari kwa mstari.

Jioni, kujaribu. Akatoa sufuria ya mama yake,
alumini, tako jeusi, sikio moja.
Jiko likalia pi, pi, pi. Likakataa.
Nikatoa sumaku ya spika iliyo mfukoni mwangu daima:
ikateleza, haikushika hata kidogo.
"Halimjui mama," akasema.
Bila hasira. Kama anayetoa taarifa.

Tukaazima birika la enameli kwa mlinzi.
Sumaku ikaling'ata, ta!
Maji yakaanza kunong'ona
juu ya kioo kisicho na ndimi za moto wala moshi,
na hapo hapo stima zikapotea mtaa mzima:
mashine za kuchomelea zikanyamaza,
mtu akatukana gizani, mwingine akacheka,
na ndani ya basi nambari nyekundu ikabaki inawaka,
tisa.
Tukanywa chai, watu sita, vikombe vitatu.
Mlinzi alisema ina ladha ya kawaida,
nikaona amenisifu.

Asubuhi nilipokuja kudai salio
sufuria ya mama ilikuwa dirishani, imejaa udongo,
na kitunguu kimepandwa,
kando kidogo, si katikati.