Silinda Tatu

Baba hakuchora kwenye karatasi.
Alichora kwa chaki sakafuni, karakana ya Wadi Kabir,
na sie tukakatazwa kufagia miezi minane.

Silinda tatu, alisema: mbili mbele kama pembe,
ya tatu imelala nyuma. Hakuna mwenye hii,
si Mwingereza, si Mjapani.
Mchana alitengeneza pampu za visima vya watu,
usiku alichonga pistoni,
nami, wa miaka tisa, nikishika taa
mpaka mkono unakufa ganzi.
Joakim wa Goa alichomelea fremu huku akipiga mbinja.
Pesa zikaisha. Vikuku vya mama vikaenda soko la Matrah,
vikarudi krenki na kabureta tatu.
Mama hakusema neno. Aliosha vyombo kwa mikono mitupu
na maji yakawa na sauti nyingine.

Alfajiri ya Machi, sabini na tisa,
tukaipakia kwenye pikapu ya mbuzi hadi uwanda wa Adam,
changarawe tupu, upeo hauna hata mti.
Khelef, mwembamba kama utambi, akapanda.
Wakamsukuma.
Ikakohoa. Ikakohoa tena.
Halafu, wallahi, sijaisikia tena sauti ile:
haikuwa ngurumo, ilikuwa jora la kitambaa
linachanwa kutoka pale hadi Salala.
Dakika kumi na moja, kwa saa ya Joakim.
Baba anacheka, kofia imeanguka, haoni.

Ya kumi na mbili, giaboksi ikapasuka.

Khelef alirudi kwa miguu, kiatu kimoja, mzima.
Baba akasema: wiki ijayo.
Alisema hivyo mpaka Joakim akarudi kwao,
mpaka Wajapani wakaleta silinda nne kwa bei ya ng'ombe,
mpaka kazi ya serikali, kiyoyozi, miwani.
Tulipohamia Al Hail ikatupwa uani chini ya turubai.
Tairi zikapasuka kama visigino.
Akipita hapo, baba aliuliza habari za mndimu.

Juzi, baada ya hitima yake, nikafunua turubai
nimpigie simu mnunua vyuma.
Kwa mazoea tu nikatia spana kwenye krenki.
Ikazunguka. Laini.
Nikasikia pistoni zikipishana humo ndani, zote tatu.

"Mafuta ya cherehani," mama akasema mlangoni.
"Kijiko kila tundu, kila mwezi wa Ramadhani ukiandama."

"Kumbe ulikuwa ukiipenda?"

"Ile? Kelele tupu.
Lakini vikuku vyangu vimo humo."